Makumbusho yasiwasahau mafundi wa Kibera na Kawangware

Pale zinapokutana barabara za Kenyatta na Uhuru, jijini Nairobi, pana jumba la mawe lililojengwa mwaka 1913. Zamani za mkoloni lilikuwa afisi ya Mkuu wa Mkoa, na humo watu wakiandikishia vizazi, ndoa na vifo. Leo jumba hilo, liitwalo Nairobi Gallery, li chini ya Makumbusho ya Taifa, nalo ni makao ya sehemu ya hazina ya marehemu Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966.

Mzee Murumbi, ambaye baba yake alikuwa Mgoa na mama yake Mmasai, alikusanya vinyago, nguo, mapambo, vitabu na picha kutoka pande nyingi za Afrika. Mwaka 1972, yeye na Mmarekani Alan Donovan walianzisha African Heritage, duka na ukumbi wa sanaa za Kiafrika. Katika hazina yake zimo kazi za Francis Nnaggenda wa Uganda, Bruce Onobrakpeya wa Nijeria na Elkana Ong'esa, mchonga mawe wa kwetu Kisii. Wakati ulipofika wa kuiachia mali hiyo, hakutaka iende ng'ambo. Aliiuzia Serikali ya Kenya.

Tena Makumbusho ya Taifa yametunza picha nyingi za watu wa makabila ya Kenya zilizochorwa na Joy Adamson, mama wa Kizungu aliyezaliwa katika dola ya Austria, akafa hapa Kenya mwaka 1980. Kwa hivyo, ndugu msomaji, hatuwezi kusema kwamba nchi yetu haijui kuhifadhi kazi za wasanii wa mataifa mbalimbali na wa nyakati mbalimbali. Neno ninalotaka kulisema leo ni la wale walio karibu zaidi.

Kutoka jumba hilo hadi Kibera si mwendo wa siku. Ukipanda matatu nambari 46 utafika Kawangware. Katika mitaa hii miwili utaona sanaa kila hatua: kichwa kilichonyolewa vizuri juu ya mlango wa kinyozi, mguu wa ng'ombe ukutani mwa bucha, herufi nene zenye kivuli kwenye mabati ya duka. Aliyefanya kazi hiyo ni fundi mwenye brashi na kopo la rangi, na malipo yake ni ya siku ile ile.

Ni mafundi wa namna hii waliozaa kikundi cha Maasai Mbili huko Kibera. Otieno Gomba na Otieno Kota walikianzisha mwaka 2001, wote wawili wakiwa waandishi wa mabango. Mwenzao Solomon Muyundo, ajulikanaye kwa jina la Solo 7, alizunguka Kibera baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007 akiandika maneno ya kuomba amani kwenye kuta na mabati. Hakungoja kuagizwa na mtu. Hiyo ni historia ya taifa, iliyoandikwa kwa rangi ya dukani.

Lakini imeandikwa juu ya nini? Juu ya bati linaloshika kutu na udongo unaobomoka. Mwezi wa Julai 2018 nyumba nyingi za Kibera zilibomolewa kupisha barabara, na kila kilichochorwa juu ya kuta hizo kilikwenda nazo. Siku hizi mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine yanamnyang'anya fundi hata ukuta uliobaki.

Wakati huo huo wageni wanaona thamani tusiyoiona. Mwaka 2009 Mfaransa aitwaye JR alifunika mapaa ya Kibera kwa picha kubwa za nyuso za akina mama, na dunia nzima ikazitazama. Mwaka 2022 kikundi cha Wajukuu, kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru, kilialikwa kwenye maonyesho ya documenta huko Kassel, Ujerumani, kikapewa tuzo ya Arnold Bode. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Hawa wametuzwa kwa watu.

Sisi wa pwani tunajua uchungu wa jambo hili. Siwa ya pembe ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu zimehifadhiwa, alhamdulillahi, lakini nani atatutajia majina ya mafundi waliozitengeneza?

Najua wako miongoni mwetu wasiopenda picha za viumbe vyenye roho. Hilo ni neno la imani, nami naliheshimu. Lakini herufi hazina ugomvi na mtu, wala nakshi, wala ususi. Na huko Kibera wako ndugu zetu Wanubi, wajukuu wa askari wa Kisudani, ambao mkoloni aliwatengea ardhi ile rasmi mwaka 1918. Mama zao husuka tabaga, vifuniko vya rangi vya kufunikia chakula, mfano wa kawa zetu. Kazi hizo nazo zinastahili kioo na taa.

Nionavyo mimi, wakubwa wanaohusika hawahitaji fedha nyingi. Kila mwaka Makumbusho yanunue mabango machache, michoro michache na tabaga chache kutoka mikononi mwa waliozifanya, kwa bei ya haki. Chini ya kila kitu liandikwe jina la fundi, mtaa wake na mwaka. Kisha kazi hizo ziletwe Fort Jesus na Lamu, watoto wetu wazione, na nakshi za pwani zipelekwe Kibera na Kawangware.

Katika jumba lile la mwaka 1913 watu waliandikishwa ili ijulikane kwamba walizaliwa. Mafundi hawa wamekwisha kuzaliwa, wako hai, na wanafanya kazi leo. Waandikwe wangali hai.