Acheni Kuwazika Wahusika
Jamani waandishi wenzangu, mpaka lini? Mimi nimechoka. Kila hadithi ya ukimwi: msichana mrembo, mzee mwenye gari, kaburi. Basi!

Tanzania ilianza kutoa dawa za ARV bure 2004. Mtu akizimeza kila siku bila kuruka, virusi hushuka hadi kipimo hakivioni, wala hamwambukizi mwenzake kitandani. Sasa niandikieni kinachomfanya aruke: nauli ya kwenda kliniki, tumbo tupu, kichupa kilichofichwa kwenye ndoo ya unga mama mkwe asikione. Wengine huvifunga vidonge kwenye gazeti visije vikalia njiani. Hapo ndipo penye kisa, bwana! Nyie mnakimbilia jeneza, eti ndiyo mafunzo. Na yule msomaji wenu anayemezea dawa chooni, mnamwambia nini?