Mvinyo Unatupita Kilosa

Mtu akikwambia mvinyo ni kinywaji cha Wazungu, mwulize mkoa wa Morogoro umepakana na mkoa gani upande wa magharibi. Atakujibu Dodoma. Kisha mwulize Dodoma wanalima nini. Hilo hata mtoto wa shule ya msingi analijua: zabibu. Tuliikariri hiyo, tukaijibu kwenye mtihani, tukapewa vema. Halafu tukakua tukiamini kwamba kinachotengenezwa kwa zabibu hizo hizo ni mali ya watu wengine.

Mimi ni mtu wa Kilosa, na hoja yangu ni moja. Kilosa na Mikumi zinahitaji duka la mvinyo. Sisemi duka la kioo na kiyoyozi lenye walinzi mlangoni. Nasema duka la kawaida, lenye chupa kumi au kumi na tano, na muuzaji anayejua anachouza na asiyeona tabu kukieleza. Tusipokuwa nalo tutaendelea kunywa tusichokijua, au kudharau tusichokionja.

Tazama hali ilivyo sasa. Ingia grosari yoyote ya mjini Kilosa. Bia ziko kwenye friji, konyagi iko mkono wa kulia wa muuzaji. Mvinyo uko juu kabisa, rafu ya mwisho, karibu na dirisha, unapigwa na jua la saa nane huku vumbi likiwa limeshafunika jina lake. Hushushwa Krismasi, siku ya kipaimara, au kijana anapotaka kumwonyesha mchumba wake kwamba si mtu wa mchezo. Ukiuliza, "Dada, huu ukoje?" unajibiwa, "Mzuri tu, kaka, unachukuliwa sana." Elimu yetu ya mvinyo inaishia hapo. Simlaumu dada huyo. Aliyemletea mzigo hakumwambia kitu, na aliyemletea yule naye hakuambiwa.

Lugha yetu yenyewe inaonyesha jinsi tulivyougawa ujuzi huu. Tuna maneno matatu kwa kitu kimoja. Kanisani ni divai, neno lililotoka kwa Wafaransa. Kwenye vitabu ni mvinyo, neno tulilorithi kwa Wareno. Baa ni waini, na hilo kila mtu anajua limetoka wapi. Divai ni ya padri, mvinyo ni wa mwalimu wa Kiswahili, waini ni ya mwenye hela. Mkulima wa Hombolo aliyechuma zabibu hayumo katika neno hata moja. Mnywaji wa Kilosa pia hayumo.

Na sisi tuko njiani kabisa. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita Morogoro, ikapita Kilosa kando ya Mto Mkondoa, ikapanda kwenda Dodoma. Tangu mwaka 2024 abiria wanakwenda Dodoma kwa treni ya umeme, na reli hiyo mpya nayo inapita kwetu. Kipande kinachokatiza milima yetu kwa mahandaki kinaitwa Morogoro–Makutupora. Tumelisikia jina hilo kwenye taarifa za habari mpaka tukachoka. Wangapi wetu wanajua kwamba Makutupora ni jina la zabibu pia? Ndiyo, zabibu nyekundu ya Dodoma, iliyobeba jina la kituo cha utafiti kilichopo huko. Kituo hicho na kile cha Ilonga, hapa hapa wilayani kwetu, ni ndugu chini ya taasisi moja ya utafiti wa kilimo, TARI. Mbegu za mahindi za Ilonga tunazijua kwa majina. Zabibu ya ndugu yake hatuijui hata rangi.

Ukishuka Mikumi mambo yanazidi. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia inapita katikati yake, na mgeni anayekuja kuona tembo analala kwenye hoteli za kwetu. Katika hoteli moja ya hapo niliomba orodha ya vinywaji. Upande wa mvinyo palikuwa na Afrika Kusini, Italia na Chile. Nikamwuliza kijana aliyenihudumia, "Mdogo wangu, wa Dodoma hamna?" Akacheka kwa aibu: "Wageni hawaupendi, kaka." Nikamwuliza ni mgeni gani aliyeuonja akaukataa. Hakuwepo. Hakuna aliyewahi kuwekewa. Mtu ametoka Ulaya, amepanda ndege, amekula vumbi la barabara ya hifadhini, ili jioni anywe kile anachokipata dukani mtaani kwake. Sisi tunamwita mtalii, halafu tunamficha nchi.

Sasa niseme duka ninalolitaka litafundisha nini, maana wapo wanaodhani ujuzi wa mvinyo ni kuzungusha bilauri na kukunja uso.

Kwanza litatufundisha kuonja kwa ulimi wetu. Vitabu vya mvinyo vinazungumzia matunda ya baridi ambayo wengi wetu hatujawahi kuyashika. Kijana wa Kilosa akisoma hayo anaona ulimi wake hautoshi. Unatosha sana. Ile hali ya mvinyo mwekundu kukausha kinywa na kushika fizi, ambayo wataalamu wanaiandikia kurasa nzima, sisi tuna neno lake tangu utotoni: ukakasi. Aliyewahi kung'ata bibo au ndizi mbichi anaujua. Unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, kwa sababu mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda yake, na humo ndimo unamopata rangi. Mweupe hukamuliwa kwanza, maganda yakawekwa kando. Uchachu wa mvinyo mweupe mtu aliyekulia kwenye ukwaju na embe bichi hahitaji kufundishwa. Harufu ya mwekundu ikikukumbusha zambarau, sema zambarau. Hakuna anayekudai tunda la Ufaransa.

Pili litatufundisha kusoma chupa. Hamira hula sukari ya zabibu na kuacha kilevi. Sukari ikiliwa karibu yote, mvinyo huwa mkavu. Ikibaki, huwa mtamu. Kwa hiyo utamu si dalili ya ubora wala ukavu si dalili ya kuharibika. Watu wengi hapa wameonja mvinyo mkavu mara moja, wakasema umechacha, wakarudi kwenye soda. Muuzaji angewauliza mapema, "Mnapenda chai ya rangi au ya maziwa yenye sukari tele?" na akawapa chupa kufuatana na jibu. Asilimia ya kilevi imeandikwa pale pale. Anayenunua bila kuisoma ananunua gizani.

Tatu, litatufundisha kutunza. Tunaambiwa mwekundu unywewe kwa joto la chumba. Chumba cha nani? Aliyeitunga kanuni hiyo alikuwa na chumba chenye ubaridi wa nyuzi 16 au 18, na kuta za mawe. Chumba cha Kilosa mwezi wa kumi na mbili kinaweza kuvuka nyuzi 30. Mwekundu wetu uwekwe kwenye friji nusu saa kabla ya kunywewa, na asikutishe mtu. Chupa isikae juani, kwa sababu joto na mwanga huuua mvinyo ukiwa bado haujafunguliwa. Nadhani nusu ya sifa mbaya ya mvinyo wa nyumbani imetengenezwa kwenye rafu zetu na si kiwandani.

Nne, litaurudisha mvinyo mezani. Muuzaji anayejua kazi yake ana swali moja tu la kuanzia: "Unataka wa kulewa au wa kushushia chakula?" Anayetaka kulewa ana njia za bei nafuu zaidi. Lakini mbuzi wa kuchoma wa Mikumi na mwekundu wenye ukakasi kidogo wanaelewana, kwa kuwa ukakasi unakata mafuta. Samaki wa kupaka anaelewana na mweupe wa Chenin blanc, zabibu nyingine inayolimwa Dodoma. Jaribu, kisha uje ubishe.

Najua pingamizi zitakazokuja.

Ya kwanza ni ya dini, nami naiheshimu. Kilosa ina Waislamu wengi na Wakristo wengi wasiogusa kilevi. Duka hili halimwiti asiyekunywa. Linazungumza na anayekunywa tayari, na huyo yupo, kila Ijumaa anaonekana.

Ya pili ni ya ulevi. Hii ni nzito, na anayeijibu kwa mzaha hajazika mtu kwa ajali ya bodaboda. Serikali ilipiga marufuku pombe za viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na walioziona zikinywewa na vijana asubuhi stendi wanajua kwa nini. Mvinyo nao ni kilevi, unaharibu ini na nyumba kama vingine. Sitakudanganya kwamba ni dawa. Nasema tu kwamba leo kijana anafundishwa kunywa na tangazo la redio na marafiki wanaoshindana kumaliza. Hajawahi kufundishwa na mtu mzima aliyesimama nyuma ya kaunta akamwambia: chupa hii ni bilauri tano, mko wangapi? Muuzaji huyo huyo ndiye atakayemkatalia aliye chini ya miaka 18, na atakayemnyang'anya funguo ya pikipiki mteja aliyezidisha.

Ya tatu ni ya bei. Chupa moja ni ghali kuliko bia moja, sawa. Lakini bilauri tano zigawe kwa watu watano, na pawepo na duka linalouza kwa bilauri. Sheria zetu za ushuru wa bidhaa zimekuwa zikiutoza mvinyo wa zabibu za nyumbani kidogo kuliko wa nje. Nafuu hiyo iliwekwa ili mnywaji na mkulima waione. Kama hatuioni kwenye rafu, tuulize imeishia kwa nani.

Ya nne ndiyo inayoniudhi: kwamba mvinyo wetu ni mbaya. Upo mbaya. Upo uliojazwa sukari kuficha makosa. Lakini unaboreshwaje kama hakuna anayelalamika kwa ujuzi? Mnywaji wa bia akiona chupa imepoa vibaya anairudisha papo hapo. Mnywaji wa mvinyo wa Kilosa akipewa uliooza anadhani ndivyo ulivyo. Duka ndilo mahali ambapo lalamiko linapata anwani. Muuzaji anayewajua wateja wake humpigia msambazaji na kusema, mzigo huu umerudi mara tatu, sitaki tena. Hapo ndipo kiwanda kinasikia.

Nyuma ya kiwanda yupo mtu. Wamisionari wa Kitaliano walipanda mizabibu Bihawana kabla ya uhuru ili wapate divai ya misa. Udongo ukakubali. Na kwa kuwa Dodoma haina baridi ya kuulaza mzabibu, mkulima akiukata matawi kwa wakati wake anavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo wenzake wa Ulaya hawalipati. Ni neema, lakini ina sharti lake: zabibu iliyoiva haisubiri. Mahindi unaweka ghalani mpaka bei ipande. Zabibu kwenye joto inakupa siku chache. Mkulima aliyekosa mnunuzi anauza kwa bei anayopangiwa, au anaangalia zikioza. Kiwanda cha umma, DOWICO, kilikuwepo, kikafa, na wakulima wakabaki mikono mitupu. Wamekuwa wakililia soko tangu hapo, nasi majirani zao tunasema soko litafutwe China. Soko la kwanza la mkulima ni jirani yake. Jirani yake ni sisi.

Kwa hiyo nadai. Wewe mwenye grosari, shusha chupa zile kutoka dirishani leo, ziweke pembeni penye giza, kisha onja kila unachouza angalau mara moja ili ukiulizwa uwe na la kusema. Wewe mwenye hoteli Mikumi, weka mivinyo miwili ya Dodoma juu kabisa ya orodha yako, na umfundishe kijana wako sentensi tatu za kuieleza. Ninyi wenye viwanda Dodoma, mnatuma malori Dar es Salaam kila mara. Tumeni mtu mmoja Kilosa kwa siku moja, aje na chupa nne na vikombe, azungumze na wauza maduka wetu kwa Kiswahili cha kawaida.

Nawe kijana uliyesoma, unayejua majina ya mashamba ya Ufaransa kutoka kwenye filamu, ukiingia dukani usiulize ipi ni ya bei kubwa. Uliza zabibu gani, imetoka kijiji gani, imevunwa lini. Muuzaji asipojua, mwambie utarudi wiki ijayo kusikia jibu. Na urudi kweli.