Mungu Yu Karibu na Nani?

Yako maneno yasemwayo siku hizi katika vijiji vyetu vya Mpanda na Katavi nzima, tangu Karema penye ziwa hata Inyonga penye mizinga ya nyuki. Nayo yasemwa na Wakristo waliobatizwa, wenye kujua kusoma. Husema: Fulani yu karibu na Mungu, maana akisali husikika hata ng'ambo ya mto. Husema: Mimi Mungu ameniacha, maana nisalipo sioni kitu moyoni. Tena husema: Mgonjwa huyu asipelekwe zahanati, maana kumpeleka ni kukosa imani. Maneno haya matatu twayakataa, nasi twataka kuonyesha sababu zetu.

Kwanza habari ya sauti. Ana, mamaye Samweli, alisali huko Shilo midomo yake ikicheza tu, hata kuhani Eli akamdhania kuwa amelewa. Naye ndiye aliyesikiwa. Manabii wa Baali walipiga kelele mlimani Karmeli tangu asubuhi, wakajikata kwa visu, wasipate jibu. Anayesali kwa sauti kwa kuwa moyo wake umejaa, hatumlaumu. Lakini kupima ukaribu wa Mungu kwa nguvu za koo ni kumdhania Mungu kuwa kiziwi. Na mtu akikesha usiku kucha akisali, kisha asubuhi amnyime kibarua ujira wake wa kuvuna mpunga, huyo amejitenga na Mungu kwa mkono wake mwenyewe, hata kama jirani wote walimsikia.

Pili, habari ya moyo mkavu. Mama Teresa wa Calcutta alikufa mwaka 1997, na mwaka 2016 Papa Francis akamtangaza kuwa mtakatifu. Barua zake zilizochapishwa mwaka 2007 zilionyesha ya kuwa kwa miaka mingi sana alisali gizani, asione utamu wowote. Hata hivyo hakuacha kusali, wala hakuacha kuwaosha wagonjwa. Basi, ndugu, ukavu wa moyo si hati ya kuachwa. Mwenye kusali bila kuona utamu, naye akadumu, twamwona kuwa mwaminifu kuliko yule asaliye siku za furaha tu.

Neno la tatu ndilo baya kuliko yote, kwa sababu laua watu.

Katika Hifadhi ya Katavi, karibu na ziwa lenye jina hilo, uko mkwaju ambao wenyeji wameutolea sadaka tangu zamani, kwa kuwa yasimuliwa kwamba mzimu wa Katabi hukaa humo. Mkristo wa leo huwacheka watu hao. Lakini twamwuliza: wewe ununuaye chupa ya mafuta au ya maji kwa fedha ya mbolea, ukitumaini kwamba kwa bei hiyo Mungu atakupa mtoto, kazi na afya, umewapita kwa kitu gani? Wazo ni lile lile: nitoe, nipewe. Hiyo ni biashara, wala si sala. Maana asaliye humwambia Baba haja yake, kisha humwachia yeye kuamua.

Tumeona mwisho wa wazo hilo. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja mmoja mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana, kila mmoja akikimbilia kukanyaga mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walisafiri hata Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Wengine walitolewa vitandani hospitali, wakafa katika msururu wa magari, na wengine waliacha dawa zao za kila siku.

Wenye kushindana nasi watasema: Je, Mtume Yakobo hakuagiza wazee waitwe, wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta? Ndiyo, aliagiza, nasi twalishika agizo hilo. Lakini hakuagiza mgonjwa azuiwe dawa, wala wazee hao hakuwaambia watoze fedha. Luka, aliyeandika Injili, alikuwa tabibu.

Tena hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mapadre Weupe walikabidhiwa boma la Karema mwaka 1885, na mwaka 1889 akafika pale Adrian Atiman, mtu wa nchi za mto Niger. Alikuwa ameibwa utotoni na kuuzwa utumwani. Akakombolewa na mapadre, akasomea utabibu Malta. Alikaa Karema hata alipokufa mwaka 1956, yaani miaka 67, akiwa katekista na tabibu pamoja. Mkono uliofundisha ishara ya msalaba ndio uliofunga vidonda. Kama dawa ingekuwa adui wa imani, Kanisa la nchi hii lisingelelewa na mtu huyu.

Tunajua ya kuwa zahanati kwa wengi ni mbali, njia za masika ni mbaya, na fedha ni haba. Mzazi maskini aliyeshindwa kufika hatumshutumu. Twamshutumu yule mwenye chakula na baiskeli mlangoni pake, anayemwambia mzazi huyo akae nyumbani asali tu, hali mtoto ana homa kali na degedege. Malaria haingoji mkesha uishe.

Kwa hiyo yatupasa kufanya hivi. Viongozi wa jumuiya wakimkuta mgonjwa, wamchukue kwanza, na sala isaliwe njiani, hata kama ni fupi. Wenye baiskeli na pikipiki wazitoe. Mwenye kutumia dawa za kifua kikuu, za sukari au za kufubaza virusi vya UKIMWI, asiziache kwa neno la mhubiri yeyote. Na mhubiri akisema ziachwe, aulizwe mbele ya watu: mgonjwa huyu akifa, nani atawalea watoto wake?

Mungu yu karibu na mwenye kumwita kwa kweli, hata akimwita kwa sauti ndogo, huku amembeba mgonjwa wa jirani yake mgongoni.