NJIA NYEMBAMBA YA IDODI: NANI AMPISHE NANI?

Jambo tutakalolisema leo wengi wenu mtaliona dogo. Si mishahara, si likizo, wala si nyumba za watumishi, mambo ambayo tumekwisha kuyaandika mara nyingi. Ni juu ya njia za miguu za Idodi, na juu yetu sisi tuzipitao kwa baisikeli. Twaliandika kwa sababu limetuaibisha, na kwa sababu dawa yake imo mikononi mwetu wenyewe.

Katika msimu wa mpunga uliopita mwenzetu mmoja alitumwa kupeleka karatasi za mkutano katika kijiji cha jirani. Akashika njia ya mkato, juu ya tuta la mfereji. Mbele yake alikuwapo bibi mmoja mzee, ana ndoo ya maji kichwani. Mwenzetu akapiga kengele mara moja, akapiga mara ya pili, wala hakupunguza mwendo. Yule bibi alijaribu kugeuka apate kuona kinachomjia nyuma, mguu ukateleza, akaanguka mferejini pamoja na ndoo yake. Ndoo ikapasuka, na goti likaumia. Mwenzetu aliinua mkono kumpa pole, akaenda zake asije akachelewa. Jioni alitusimulia mwenyewe, na baadhi yetu, twaona haya kusema, tulicheka.

Kesho yake mjukuu wa yule bibi alikuja ofisini. Hakushtaki mtu, wala hakudai ndoo. Aliuliza neno moja tu: kengele ile ni ya kuomba njia, ama ni ya kuamuru? Hakuna aliyemjibu. Makala haya ndiyo jibu letu, ijapokuwa limechelewa.

Kwa wasomaji walio mbali yafaa tueleze mahali penyewe. Idodi iko magharibi ya mji wa Iringa, chini katika bonde, kwenye barabara iendayo Msembe katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ukitoka katika baridi ya Iringa ukateremka huko, wakutana na joto, mibuyu, na majaruba ya mpunga yanyweshwayo kwa mifereji. Barabara kuu ni moja, nayo ilikaa miaka mingi ikiwa ya changarawe na vumbi. Lakini maisha ya watu hayapiti barabarani. Hupita katika vijia: kutoka nyumbani hadi shambani, kutoka shule hadi kisimani, kutoka Idodi kwenda Mapogoro na Tungamalenga kwa njia za mkato. Mahali pengi kijia ni tuta la mfereji tu, upana wake hatua moja. Humo hupita akina mama wenye kuni, watoto wa shule, wachungaji na ng'ombe zao, baisikeli zenye magunia, pikipiki za bodaboda zitafutazo mkato, na sisi wenye mikoba ya karatasi.

Huenda mtu akasema: sheria ipo. Kweli, ipo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, nasi sote tumefundishwa kwamba chombo hupita kushoto. Walakini juu ya tuta la hatua moja hakuna kushoto wala kulia. Kuna maji upande huu, na mpunga wa mtu upande huu. Ndiyo maana, sheria inapokuwa mbali, watu hutawaliwa na desturi. Na desturi iliyoingia sasa ni ile ya methali isemayo, mwenye nguvu mpishe. Pikipiki yaifukuza baisikeli, baisikeli yamfukuza mama mwenye ndoo, na mama mwenye ndoo hana wa kumfukuza.

Methali hiyo si ya uongo. Wenyeji wa Idodi waijua kuliko watu wengine, maana hukaa jirani na hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, na usiku tembo hutoka humo wakaingia mashambani. Mtu akikutana na tembo njiani hahitaji kufundishwa adabu. Hupisha mara moja. Lakini kumpisha tembo si heshima, ni hofu. Heshima hujulikana pale mtu anapompisha yule asiyeweza kumdhuru. Tena vijiji vya Idodi na Pawaga viliunda jumuiya, MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, ili watu na wanyama wapate kutumia nchi moja kwa mpango. Ikiwa watu wameweza kukaa na kupatana juu ya tembo na simba, watashindwaje kupatana juu ya baisikeli?

Wala jambo hili si letu peke yetu. Huko Uingereza na Wales sheria ya mwaka 1968 iliwapa wenye baisikeli haki ya kupita katika njia za mashamba zilizokuwa za waendao kwa miguu na wapandao farasi. Lakini haki hiyo ilitolewa kwa sharti lililoandikwa katika sheria yenyewe, kwamba mwenye baisikeli awapishe wote wawili. Katika miaka ya 1970 vijana wa Marin County, katika California nchini Marekani, walizifufua baisikeli kuukuu zenye magurudumu manene, wakateremka nazo kwa kasi katika njia za mlima Tamalpais. Hapo ndipo mchezo wa baisikeli za milimani ulipokua, na ugomvi na waendao kwa miguu ukakua pamoja nao. Mwisho wenye kutunza njia za huko waliweka kikomo: maili 15 kwa saa, na maili 5 tu mahali pa kupishana au penye kona isiyoonekana mbele. Maili 5 ni kama mwendo wa mtu akimbiaye polepole. Wale hupanda kwa kucheza, sisi twapanda kwa kazi. Lakini goti la bibi haliulizi kama limeumizwa na mchezo au na kazi.

Twajua majibu ya wenzetu. Wa kwanza husema, nina haraka ya kazi ya umma. Twauliza: umma ni nani, kama si yule bibi? Karatasi alizobeba mwenzetu zilikuwa za kuwaita watu mkutanoni, na huenda jina lake lilikuwamo.

Wa pili asema, baisikeli yenye gunia la mpunga haisimami kwa urahisi. Hili ni kweli, nasi hatulidharau. Mtu anayesukuma gunia akipanda mlima, akisimama, huenda asiweze kuanza tena. Huyu naye ni mwenye mzigo, naye apishwe. Ndiyo sababu twasema kanuni isiwe ya miguu na magurudumu peke yake, bali iwe ya uzito na udhaifu. Katika siku za misafara wapagazi walibeba mizigo ya frasila mbili, wakifuatana mmoja mmoja katika vijia kama hivi. Mwenye mzigo kichwani hawezi kugeuza shingo wala kuruka mfereji. Asiye na mzigo aweza.

Wa tatu asema, waendao kwa miguu nao wana makosa. Hili pia ni kweli. Vijana hutembea wanne sambamba, hata mtu mwenye mgonjwa akakosa pa kupita. Wakata kuni huacha miiba njiani, na mwenye baisikeli hutoboka gurudumu mbali na fundi. Wachungaji wengine huacha ng'ombe wakabomoa matuta. Basi kanuni itakayowekwa iwafunge wote.

Kwa hiyo twatoa shauri letu. Aendaye kwa miguu apite kwanza, na mwenye mzigo, mzee, mtoto na mgonjwa watangulie wote. Mwenye baisikeli akimfikia mtu kwa nyuma, apunguze mwendo akiwa bado mbali, asalimu kwa sauti, angoje hadi yule mtu apate mahali pa kukanyaga. Na penye tuta la hatua moja ashuke asukume. Akikutana na ng'ombe ashuke asimame kando, wala asipige kengele, maana kundi likitawanyika huingia katika mpunga. Pikipiki zisipite kabisa juu ya matuta ya mifereji, ila kwa kumpeleka mgonjwa. Nao waendao kwa miguu watembee kwa mstari, waondoe miiba yao, wapishe mara wapatapo nafasi.

Shauri hili lisiishie katika gazeti. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo, nazo hupelekwa katika halmashauri ya wilaya zikakubaliwe. Wanachama wetu ndio waandikao mihtasari ya mikutano hiyo. Twajua jinsi neno liingiavyo katika ajenda. Basi na tuliingize hili kabla ya msimu ujao wa kupanda, wakati mifereji inapojaa na matuta yanapoteleza.

Lakini sheria ndogo huchukua miezi, na adabu haihitaji mhuri. Tulipokuwa watoto tulifundishwa kwamba ukikutana na mkubwa njiani washuka, wasema kamwene, wangoja aitikie, ndipo uendelee. Hatukufundishwa kwamba baisikeli humwondolea mtu deni hilo.

Mwaka 1922 makarani waliotutangulia, wakiongozwa na Martin Kayamba, walianzisha huko Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali, Waislamu kwa Wakristo. Walijua maana ya kupishwa na maana ya kusukumwa kando. Sisi tulio warithi wao twadai kila mwaka kwamba wakubwa watutendee kwa heshima. Madai hayo ni ya haki, wala hatuyaachi. Lakini hayatasikika vizuri ikiwa wanakijiji wasikiapo kengele yetu huruka mferejini.

Mwenzetu amekwisha kwenda kwa yule bibi na ndoo mpya, akaomba radhi. Bibi alipokea, akamkaribisha uji. Sisi tuliocheka bado tuna deni, nalo tutalilipa njiani, siku kwa siku. Mwanachama mwenye maoni yaliyo kinyume na haya na atuletee, nasi tutayachapa.