Tunataka Masomo Bora, Si Bora Masomo

Wanafunzi wenzangu, mnakumbuka Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona? Madarasa mengi hayakurudi hadi Januari 2021. KICD ilitupa vipindi redioni, kwenye runinga na YouTube. Vilikuwa vizuri, lakini je, nani alisahihisha daftari lako? Redio haiulizi, "Umeelewa?"

Hata leo wapo wenzetu wasioweza kuja darasani: msichana aliyejifungua juzi, mgonjwa aliyelazwa, mtoto wa mfugaji anayehama. Wengine husema watumiwe video tu, kidogo si haba. Mimi nakataa katakata! Hao ndio wanaomhitaji mwalimu zaidi, kwani mara nyingi huko waliko hawana wa kumwuliza.

Maoni yangu ni haya: kila mmoja awe na mwalimu anayemjua kwa jina, ampigie simu kila wiki, na kazi yake isahihishwe, irudishwe. Asiye na simu apelekewe karatasi. Najua walimu wetu wamelemewa. Basi watakaofanya kazi hiyo wapunguziwe vipindi. Masomo bila swali wala jibu si shule, ni matangazo. Jamani, tusiwape wenzetu makombo tukayaita elimu!