Tusiipite Kilifi Tukaiacha

Kila Desemba pwani yetu hujaa wageni kutoka bara. Wengi hushuka kwenye treni Miritini au kwenye ndege, wakapokelewa na gari la hoteli, wakafikishwa Watamu au Malindi wakiwa wamelala. Hurudi kwao na picha za bahari, na ukiwauliza kaunti ya Kilifi kuna nini, jibu ni mchanga mweupe. Naiona hiyo kuwa hasara, tena si ya msafiri peke yake.

Mombasa hadi Malindi ni kilomita 120 hivi, na ukikataa kuzimaliza mbio, siku moja haikutoshi. Hapo Mtwapa tu pana Jumba la Mtwana, mji wa mawe uliohamwa karne ya 15. Ukishapita mashamba ya mkonge ya Vipingo unafika daraja la Kilifi. Kabla halijafunguliwa mwaka 1991, watu walivuka kwa feri, na gari zilingoja zamu yake Mnarani, jirani na magofu ya misikiti na kaburi la nguzo. Sasa gari hukatisha juu ya maji kwa dakika moja, na abiria wengi hawajui wamepita nini.

Lakini mahali ninapomsihi kila mtu ashuke ni Gedi. Magofu ya Gedi yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2024, na ukiingia ndani ya kuta zake utaelewa kwa nini. Pana kaburi lenye mwaka wake uliochongwa kwenye jiwe: 802 Hijria, yaani 1399. Pana visima virefu, vyoo ndani ya nyumba, jumba la mtawala, na miti iliyoota ndani ya vyumba vya watu. Mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimba hapo mwaka 1948, nyumba zilipewa majina ya vitu vilivyokutwa ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kasha la Pembe. Mtoto aliyefundishwa kana kwamba historia ya Kenya ilianzia kwenye reli asimamishwe hapo kizingitini, auguse ukuta wa matumbawe kwa mkono wake. Hakuna kitabu kitakachomfundisha hivyo.

Humohumo Gedi upo mradi wa Kipepeo, tangu mwaka 1993. Wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hulea viwavi mpaka wawe pupa, na pupa hao huuzwa ng'ambo kwenye maonyesho ya vipepeo. Kwenye hori ya Mida nako, kiingilio cha njia ya mbao iliyoning'inizwa juu ya mikoko husaidia kulipa karo za watoto wa vijiji vya hapo. Hii ndiyo hoja yangu kubwa. Shilingi iliyolipia kila kitu hotelini haitoki nje ya geti. Ya msafiri wa barabarani hugawanyika njiani: kwa dereva wa tuktuk, kwa anayewatembeza wageni, kwa mama wa mahamri na mbaazi, kwa kijana wa korosho.

Wapo wanaonijibu kwamba barabara zetu zinaua na mafuta ni ghali. Ni kweli, na sitamwambia baba mwenye watoto wanne aendeshe usiku kutoka Nairobi akipigana na malori. Apande treni mpaka Mombasa, safari yenyewe aianzie pale. Matatu za Malindi zipo kutwa, na raia hulipa kiingilio nafuu kuliko mgeni kwenye magofu haya. Asiye na gari asijione ameachwa nje. Na wapo wanaohofia kwamba wageni wakizidi watachafua. Kwa misitu ya kaya ya Wamijikenda hofu hiyo ina haki yake: kule haingii mtu bila ruhusa ya wazee, na iendelee kuwa hivyo.

Anayevuka mto Sabaki ndiye anayepata zaidi. Mambrui ina makaburi ya kale, Marafa ina korongo la Nyari lenye kuta nyekundu na nyeupe, na Ngomeni ina jambo ambalo linastahili kujulikana na kila Mkenya. Mnamo 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini hapo. Ikaitwa Uhuru. Wanaastronomia wa ulimwengu wanalijua jina hilo, huku maelfu ya Wakenya wakiogelea umbali mfupi kusini mwa Ngomeni bila habari.

Sasa barabara ya Mombasa hadi Kilifi inapanuliwa, sehemu ya njia kuu itakayounganisha Malindi na Bagamoyo kupitia Lunga Lunga. Naifurahia, kwa kuwa foleni ya Mtwapa imewatesa watu mno. Ila njia pana huvuta mwendo, na gari la mwendo halisimami. Lami isimalizike kabla serikali ya kaunti haijatenga maegesho na vyoo safi karibu na Mnarani, vibanda vya kudumu vya wachuuzi waliosukumwa kando na ujenzi, na vibao vikubwa vya Gedi, Mida na Marafa vinavyosomeka kabla dereva hajaipita njia ya kuchepukia. Haya ni madogo mno ukilinganisha na gharama ya barabara, na wa kuyadai ni sisi tunaoitumia.