Rota, Pete na Salfeti

Kila ukizuka mjadala wa kufufua viwanda vya nyuzi Tanzania, utasikia kwamba mashine ya rota hutoa uzi bora kuliko ya pete kwa sababu ni ya kisasa zaidi. Si kweli. Pete ilibuniwa Marekani mwaka 1828, na rota ikaingia sokoni kutoka Czechoslovakia mwaka 1967, lakini ilichokuja nacho ni kasi. Rota huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Bobini kwenye mashine ya pete kwa kawaida haivuki 25,000. Ndani ya rota nyuzinyuzi hazinyooki vizuri, na nyingine hujiviringisha juu juu tu, hivyo uzi wake ni dhaifu kuliko wa pete uliosokotwa kwa pamba ileile. Kwa taulo na jinzi unafaa kabisa. Kwa shati jepesi, hapana.

Wengine husema msokoto ukizidi, uzi huimarika. Ni hadi kikomo fulani; ukishakivuka, uzi hujikunja wenyewe na kukatika upesi.

Dai linaloniudhi zaidi ni kwamba mtambo mpya utafidia pamba chafu. Pamba ya Kanda ya Ziwa huchumwa kwa mkono, jambo ambalo lingeipa sifa ya usafi. Kisha hutiwa kwenye mifuko ya plastiki iitwayo salfeti, na wapo wanaoiongezea maji na mchanga ili ipande mizani. Nyuzi za salfeti hupenya kinu cha kuchambulia, hukatika vipande vidogo na kusokotwa pamoja na pamba. Rangi haizishiki: khanga nyekundu hutoka na mistari myeupe. Vihisi vya kusaka uchafu vipo, ila plastiki nyeupe ndani ya pamba nyeupe huvipa taabu. Nayo rota huteseka kuliko pete, maana vumbi hujazana kwenye mfereji wake na kuharibu uzi. Mfuko wa kitambaa cha pamba shambani ni rahisi kuliko vihisi hivyo vyote.

Na eti lazima kiwanda kizima kibadilishwe? Kuna vifaa vinavyofungwa kwenye mashine za pete zilizopo. Hewa hufyonza nyuzinyuzi na kuzibana pamoja kabla hazijasokotwa. Malaika ya uzi, yaani vinyweleo vyake, hupungua, nguvu huongezeka. Kinachopaswa kupigiwa hesabu kwanza ni bili ya umeme wa kufyonza hewa hiyo usiku na mchana.